Hajiri Aliitwa kwa Jina

Andiko: Mwanzo 16:1-14 na 21:8-21

Kwa wale ambao hawakuwa nasi katika ibada ya pili, haya ndiyo tuliyojifunza Jumapili, na nimeongeza machache ambayo saa haikuturuhusu kuyafikia. Fungua Biblia yako katika Mwanzo sura ya 16, kisha weka kidole kwenye sura ya 21, maana tutakwenda na kurudi.

Soma mistari sita ya kwanza polepole, ukitafuta kitu kimoja tu: ni nani anayemwita Hajiri kwa jina lake? Mwandishi wa kitabu anamtaja, ndiyo. Lakini Sarai akifungua kinywa, Hajiri ni mjakazi wake. Abramu akijibu, Hajiri ni mjakazi wa Sarai. Huyu mwanamke anapika katika hema lao, sasa amebeba mimba ya mwenye hema, na hakuna hata mmoja wao anayetamka jina lake. Ruka mpaka sura ya 21 uone kama mambo yamebadilika. Hayajabadilika. Sara bado anamtaja kwa kazi yake, na mtoto anatajwa kama mtoto wa mtumwa. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana, naye anamkuta barabarani, jangwani, kando ya chemchemi, mjamzito, bila mahali pa kulala usiku ule.

Jumapili niliuliza kanisa, "Hajiri ni nani?" Nilijibiwa: mtumwa, Mmisri, mama ya Ishmaeli. Yote ni kweli. Hakuna aliyesema, mwanamke asiye na makao. Na ndivyo alivyokuwa, mara mbili: mara ya kwanza alikimbia mateso, mara ya pili alifukuzwa na mkate na kiriba cha maji begani. Na hakufukuzwa na watu wa mataifa. Alitoka katika nyumba ya baba wa imani. Hilo tulimeze kwanza kabla hatujaendelea.

Nalisema hili sasa kwa sababu kuna jambo mezani, na wengi wenu mmelisikia. Kamati ya maendeleo imependekeza tuweke vyuma kuziba veranda ya upande wa barabara, pale ambapo watu hulala usiku. Makadirio ya fundi yameshaletwa. Katika muhtasari wa kikao jambo hili limeandikwa kwa maneno matatu: tatizo la chokoraa. Washirika wote wataulizwa maoni yao Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mimi nina kura moja kama wewe, na sitajificha, nitapiga ya kukataa. Lakini kabla hatujabishana kuhusu vyuma, tuzungumze kuhusu lile neno.

Kuchokora ni kupekuapekua, ni kuchokonoa kitu kwa kijiti. Mtu alionekana asubuhi moja akichokora pipa la takataka, akitafuta mkate au chupa za kuuza, na kile alichofanya kwa dakika kumi kikawa jina lake la maisha. Hebu fikiria kila mmoja wetu angeitwa kwa jambo moja alilolifanya siku aliyokuwa na njaa. Wakubwa wao tunawaita wazururaji, na hilo ni neno tuliloachiwa na mkoloni. Sheria ya uzururaji ilikaa katika vitabu vya Kenya mpaka 1997 ilipofutwa. Sheria ikaondoka, neno likabaki midomoni mwa askari na mwetu pia. Halafu kuna neno la heshima kidogo, watoto wa mitaani, kana kwamba mtaa ndio uliowazaa.

Sasa linganisha. Sheria ya Watoto ya 2022 inamweka mtoto aliyetelekezwa, au anayeombaomba, katika kundi la watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi. Ni mtoto yule yule, kwenye veranda ile ile. Ukimwita chokoraa, swali linalofuata ni nani atamfukuza. Ukimwita mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, swali linalofuata ni nani atamtunza. Inanisikitisha kwamba kitabu cha serikali kimemtaja mtoto huyu kwa upole kuliko muhtasari wa kikao cha kanisa.

Wengine wenu hunitania kwamba nahubiri nikiwa na kikokotoo mfukoni, kwa kuwa nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma. Leo nitakitoa. Mwaka wa 2018 ilifanywa sensa ya kitaifa ya familia za mitaani, na waliohesabiwa walikuwa 46,639. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, ikafanywa ile sensa kubwa ya watu wote, nayo ikaandika watu 20,101 waliolala nje nchi nzima. Toa hapo. Je, watu zaidi ya 26,000 walipata nyumba kwa mwaka mmoja? Hakuna hata mmoja wetu anayeamini hivyo. Hesabu moja iliwatafuta watu ambao maisha yao yako mitaani, nyingine ikaandika waliokutwa wamelala nje usiku ule. Maana ya neno ilibadilika, na watu wakapotea kwenye karatasi.

Katika biashara tulifundishwa kwamba ukikosea kueleza mteja wako ni nani, kila tarakimu inayofuata itakuwa na kosa lile lile. Bajeti hufuata hesabu, na hesabu hufuata maana. Mtu ambaye maana haikumfikia hatapata blanketi, hata kama pesa za blanketi zipo.

Kuna jambo lingine katika sensa ile ya 2019 ambalo lilinikalia moyoni. Katika wale 20,101 waliolala nje, karibu 9 kati ya 10 walikuwa wanaume. Akina mama wako wapi? Mimi naona hivi: mwanamke asiye na pa kulala hajilazi mahali ambapo karani mwenye tochi atamwona, kwa kuwa mwanamume mwenye nia mbaya atamwona vile vile. Anakaa kituo cha basi akijifanya anasubiri gari. Anakaa kwenye benchi la hospitali kama mtu mwenye mgonjwa. Anakubali kulala kwa mwanamume asiyempenda, kwa sababu huko kuna mlango. Anakuja kesha.

Ndiyo, nimesema kesha. Mpendwa, anayekuja kila kesha, Ijumaa baada ya Ijumaa, na mfuko wake wa nguo chini ya kiti, anaweza kuwa na kiu ya maombi. Anaweza pia kuwa mtu ambaye mwenye nyumba ameweka kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, sufuria na sare za shule za watoto zikiwa ndani. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Hapo ndipo maana pana inatusaidia. Mei 2019 wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walikutana hapa kwetu Nairobi, wakajaribu kukubaliana ni nani hasa hana makao. Hawakuishia kwa anayelala nje. Kwa maneno yangu mimi, walisema ni mtu au jamaa waliokosa mahali panapofaa kuishi, pamoja na uhakika kwamba hawatatolewa hapo, na haki na uwezo wa kuishi na watu wao kwa usalama. Tena wakasema hali hiyo ni ishara ya mifumo mingi iliyoshindwa. Hawakusema ni ishara ya mtu mvivu.

Chukua kipimo hicho urudi nacho Mwanzo 16. Hajiri alikuwa na paa juu ya kichwa. Alikuwa na chakula, tena kwa tajiri. Lakini hakuwa na uhakika wa kubaki, hakuwa na haki juu ya mwili wake mwenyewe, na Sarai alipoanza kumtesa, Abramu alimwachilia afanye apendavyo. Kwa kipimo hicho Hajiri alikosa makao angali ndani ya hema. Jangwa lilikuja baadaye.

Basi ukitaka kuwahesabu wasio na makao katika mji huu, usianze na veranda. Anza na mfanyakazi wa nyumbani anayelala sakafuni jikoni na anayeweza kuambiwa atoke saa nne ya usiku. Waweke waliovunjiwa nyumba kando ya mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024, wakajikuta wanahama kutoka kwa shangazi hadi kwa binamu, wiki mbili huku, wiki tatu kule. Mweke mjane aliyefukuzwa kwenye shamba la marehemu na mashemeji wanaosali. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Najua, haki ya kwenye karatasi haizuii mvua. Lakini inakuambia kwamba mtu huyu ana kitu alichonyimwa. Si mtu tu aliyekosa bahati.

Sasa turudi kwenye chemchemi, maana sijafika mahali pa moto bado.

Malaika anamwita kwa jina, kisha anamuuliza maswali mawili: ametoka wapi, na anaelekea wapi. Angalia ambayo hakuuliza. Hakuuliza, umefanya nini mpaka ukafukuzwa? Hakuuliza, unavuta gundi? Hakumwombea pepo la umaskini limtoke. Ninalisema hili kwa upendo, kwa sababu ni ugonjwa wetu sisi watu wa Roho: tukimwona mtu amelala kwenye gunia tunaanza kukemea, na yeye anahitaji mtu wa kumuuliza maswali mawili na kungoja jibu. Hajiri alikuwa na ahadi ya Mungu tumboni, na bado alikuwa nje. Bwana wetu mwenyewe alisema mbweha wana mapango yao, naye hana mahali pa kuweka kichwa. Kama kulala nje ni laana, tutasema nini juu yake?

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye ile veranda saa moja asubuhi na kijana mmoja. Jina lake ninalijua. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni lake na karatasi hii husomwa na wengi. Nilimuuliza hayo mawili. La kwanza alilijibu kwa nusu saa. Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la maua, akafa. Chumba kilikuwa cha mwajiri, kikarudi kwa mwajiri. Mjomba akamchukua, mjomba akaoa, mke wa mjomba akahesabu sahani. Kuanzia hapo alipanda lori. Hakulaumu mtu sana. La pili lilimshika. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Pasta, mimi nataka kwenda kuchukua kitambulisho."

Hakuomba nyumba, wala kazi. Ana miaka zaidi ya ishirini, hana kitambulisho, kwa hiyo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa, kwa hiyo pesa ya chupa na vyuma anavyouza anaiweka kwa mwenye kibanda, naye mwenye kibanda anamrudishia anavyotaka. Na kitambulisho hakipatikani, kwa kuwa ofisini wanataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mzazi yuko kaburini. Kwa miaka yote ile tumekuwa tukimpa mkate na kiriba cha maji, kama Ibrahimu. Mkate ni mzuri, na aendelee kuupata. Lakini hakuna aliyejua anakokwenda.

Msomaji wa Biblia ataniuliza: Pasta, mbona mara ile ya kwanza malaika alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake, kwa yule yule aliyemtesa? Ni neno gumu, na sitalilainisha. Alirudi akiwa na ahadi mkononi, na akiwa amemwita Mungu kwa jina jipya, Mungu anayemwona. Lakini usiishie hapo, maana wako wanaotumia mistari hiyo kumrudisha kila mtoto kwao hata kama huko kwao ndiko alikochomwa kwa maji ya moto. Fungua sura ya 21. Hajiri yuko nje tena, maji yameisha, amemweka kijana chini ya kichaka na kuketi mbali asimwone akifa. Mungu anasikia sauti ya kijana. Malaika anamwita tena kwa jina, Hajiri. Na safari hii hamwambii arudi. Mungu anamfumbua macho, anaona kisima. Wanaanza maisha mapya huko huko jangwani, na kijana anakua, anajifunza upinde, anaoa.

Mwanamke mmoja, akiwa nje mara mbili, na majibu mawili tofauti. Ndiyo maana swali lilikuja kwanza. Yupo mtoto ambaye nyumbani wanamtafuta wakilia, na kazi yetu ni nauli na mtu wa kumsindikiza. Yupo ambaye kumrudisha ni kumuua. Yupo mwanamume aliyekosa kodi ya miezi miwili tu, ambayo kikundi cha nyumbani kingeweza kuchanga kwa jioni moja. Yupo mgonjwa wa akili ambaye dawa zake ziliisha. Wote wanne wamelala kwenye veranda moja, na sisi tuna neno moja kwa ajili yao.

Na kile kisima, kama ninavyosoma mimi, Biblia haisemi Mungu alikichimba wakati ule. Alimfumbua macho. Kanisa letu lina bomba la maji uani na vyoo vinne ambavyo Jumatatu hadi Ijumaa hufungwa kwa kufuli.

Najua hoja za upande wa pili na siwezi kuzidharau. Nyaya za vipaza sauti ziliibiwa. Kuna harufu ya mkojo asubuhi, na mama zetu wanaosafisha hekalu ndio wanaoumia. Dada wanaotoka maombi ya jioni wanaogopa kupita pale, na hofu yao ni ya kweli. Lakini harufu ya mkojo ni jambo la choo kilichofungwa. Hofu ya gizani tuanze nayo kwa taa na mlinzi. Wizi tumshitaki aliyeiba, tukimjua, kwa jina lake, wala tusiwashitaki wote waliolala. Katika mfano wa Lazaro, Luka 16, Bwana alimpa jina maskini aliyelala langoni, na tajiri mwenye lango akamwacha bila jina. Nikiyasoma makadirio ya fundi nalikumbuka lile lango.

Basi mpaka mkutano wa mwisho wa mwezi, wazee wamekubali tujaribu mambo haya, na ninawashukuru kwa kukubali hata wale wasiokubaliana nami. Choo kimoja na bomba vitakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Taa ya upande wa barabara itawekwa wiki hii. Tukikuta mtoto, hatumhoji sisi kama askari wala hatumpigi picha ya kuweka kwenye simu. Tunapiga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, na shemasi anaongozana naye mpaka ofisi ya afisa wa watoto. Kwa mtu mzima anayetafuta kitambulisho, wawili kati ya washirika wetu waliowahi kufanya kazi katika ofisi za serikali wamejitolea kumsindikiza kwa chifu, siku ile na siku itakayofuata akiambiwa arudi kesho. Na kama ni wewe, mshirika, ambaye kufuli limewekwa mlangoni mwako, mwone mchungaji au mama wa idara ya akina mama kabla ya ibada. Hutasimamishwa mbele.

Mlinzi amepewa daftari lenye safu tatu: jina, ametoka wapi, anataka kwenda wapi. Anaandika tu anayetaka kuandikwa, na daftari halitoki ofisini. Kufikia Ijumaa lilikuwa na majina tisa, moja likiwa la mama aliye na mtoto wa miezi minne, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona pale mchana. Zamu ya asubuhi inahitaji watu wawili kwa kila siku ya wiki. Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu. Mwone shemasi wa zamu baada ya ibada.